Nyumba ya Mama Inatoka Jasho

Sehemu ya saba

Alhamisi asubuhi nilifungua mlango wa chumba cha mama yangu, nikavuta pumzi moja, nikatoka mbio kwenda kutapika uani.

Siongezi neno. Nilitapika kweli, nimejishikiza kwenye ukuta wa bafu jipya ambalo hakuna mtu aliyewahi kuoga ndani yake, na Injinia amesimama pale ananiangalia na kikombe chake cha chai mkononi.

"Pole, dada," akasema. "Labda umeamka vibaya."

Wiki iliyopita niliwaachia pale kaka yangu alipotangaza kwamba mama anarudi nyumbani Jumamosi, kazi iwe imekwisha au haijaisha. Kwa mnaonisoma leo kwa mara ya kwanza, nitasema kwa kifupi, maana aibu hii nimeshaisimulia mara sita na kila mara inanikaba upya.

Mimi ni fundi cherehani. Nyumba yetu ilijengwa na babu kwa mawe na chokaa, kuta nene, dari ya boriti, mlango wa mbele wa mbao nzito. Mama ameishi humo tangu alipoolewa. Sasa macho yake hayaoni ila mwanga na kivuli, lakini ndani ya nyumba ile haongozwi na mtu. Anaweka kiganja ukutani, anakwenda zake. Akifika penye kibonde cha ukubwa wa sahani anapinda kushoto kwenda jikoni. Akigusa mkwaruzo mrefu ulioachwa na kabati la harusi yake, anajua chumba chake ni hiki hapa. Kwa kaka, alikokaa miezi mitano hii, anashikwa mkono hata akienda chooni. Kila nikimtembelea huniuliza swali moja tu: "Lini?"

Alikubali tuikarabati nyumba kwa sharti. "Huko nyuma ongezeni mnavyotaka," alituambia mimi na kaka. "Vyumba, bafu, jiko la kisasa, shauri yenu. Lakini kuta zangu zitengenezwe kwa chokaa, na azitengeneze Mzee Chokaa. Nataka nikirudi nirudi kwangu."

Mimi ndiye niliyemfukuza Mzee Chokaa.

Na ili mama asije akanilaumu, nilisema yule mzee ameiba komeo la shaba la mlango wa mbele, lile ambalo marehemu baba alilifunga kwa mkono wake wiki aliyomleta mama kama bibi harusi. Uongo mtupu. Komeo nililifungua mimi, kwa bisibisi ya cherehani, nikalivingirisha kwenye kitambaa, nikalisukumia kwenye droo ya cherehani yangu, pembeni ya kopo la mafuta.

Basi, sasa mnajua mnasoma habari za mtu wa aina gani.

"Njoo unuse," nikamwambia Injinia, huku najifuta mdomo.

Tunamwita Injinia kwa sababu ana kofia ya plastiki ya njano. Kazi kubwa aliyowahi kuisimamia ni vyoo vya kituo cha mafuta. Kaka alimleta, akasema huyu ndiye mtu wa kazi, hana habari za kulaza chokaa na maji shimoni miezi mitatu ilainike. Na kweli hakuwa nazo. Ndani ya wiki mbili alikuwa ameshapiga lipu ya saruji kuta zote za zamani, akazilainisha, akazipaka rangi ya mafuta, nyeupe kama maziwa. Kaka alisema nyumba imetakata. Na mimi nilisema hivyo hivyo.

Injinia aliingia chumbani kwa mama, akatoka upesi kuliko alivyoingia.

"Unyevu kidogo," akasema.

"Kidogo? Ukuta unatiririka!"

"Tutapiga rangi nyingine juu. Mara mbili. Halafu tunaweka vigae mpaka usawa wa kifua, harufu inabaki ndani."

"Harufu ya nini?"

Akaangalia pembeni. Akaishusha sauti, kama mtu anayetaka kunifanyia hisani.

"Dada, samahani, nikueleze ukweli. Wazee wana shida zao. Kibofu. Mama alikuwa analala humu miaka yote. Mkojo ukishaingia ukutani hautoki."

"Mama yangu ana miezi mitano hajalala humu."

"Ule wa zamani ndio mbaya zaidi."

Nilimtazama huyu mwanamume mzima, na kofia yake, na chai yake. Nilisikia kinyaa mpaka kwenye meno. Lakini nimeahidi kusema yote, kwa hiyo nitasema na hili: kwa muda mfupi, mfupi sana, nilitaka iwe kweli. Ingekuwa mkojo wa mama, basi isingekuwa mimi.

Kinyaa cha pili kilikuwa changu mwenyewe, na hicho hakitapikiki.

Nikachukua nyundo yake.

"Dada, hiyo ni kazi ya mafundi."

"Ndiyo maana sikupi wewe."

Nilipiga mara tatu juu ya kichwa cha kitanda cha mama. Mara ya nne bamba zima la saruji, kubwa kama mlango wa kabati, likaachia ukuta na kuanguka miguuni kwangu. Nyuma yake nilitarajia kuukuta ukuta wa mama, ule mweupe wenye mabonde yake. Nilikuta uji. Uji mweusi unaotiririka polepole, na ndani yake vijidudu vyeupe, vyembamba kama nyuzi, vinajinyonganyonga kwa kukerwa na mwanga.

Injinia akasema "Mama yangu!" akarudi nyuma mpaka mlangoni.

Nikainua macho. Ncha ya boriti, pale inapoingia ukutani, ilikuwa imegeuka rangi. Nikapanda juu ya kitanda, nikaigusa. Kidole changu kiliingia kwenye mti ule mpaka kwenye pete.

Boriti ile iko juu kabisa ya mto anaolalia mama yangu.

"Ita kaka," nikasema.

"Mwenyewe kasema leo ana shughuli kubwa. Asisumbuliwe."

"Shughuli gani?"

"Sijui. Kasema ni ya kutusafisha wote."

Sikulitilia maanani neno hilo. Ningelitilia maanani, leo nisingekuwa na hadithi ya kuwaandikia.

*

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kuiokoa nyumba ile, na nilikuwa nimemwita mwizi.

Mzee Chokaa anaishi mitaa miwili nyuma ya kwetu. Nilimkuta uani kwake, amesimama juu ya shimo lake la chokaa, anaikoroga kwa mti mrefu. Chokaa nyeupe, laini, nzito kama maziwa mgando. Aliilaza mwanzo wa kazi yetu, kwa ajili ya kuta za mama. Bado alikuwa anaitunza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Hakunikaribisha kiti. Nikafungua kitambaa nilichobeba, nikamwonyesha kipande cha ukuta. Hakukipokea.

"Lamba," akasema.

"Nini?"

"Umenisikia. Lamba."

Nilijua anachokidai. Mwezi wa kwanza wa kazi, wifi yangu, mke wa kaka, alikuja kutazama tulipofikia. Mzee Chokaa alikuwa amepiga magoti ukumbini, na mbele ya macho yetu akatoa ulimi, akaulamba ukuta. Akaonja, akatema, akasogea hatua moja, akalamba tena. Wifi alicheka mpaka akashika mbavu. "Huyu mzee ana njaa au ana wazimu?" Injinia naye, ambaye wakati huo alikuwa anajenga vyumba vya nyuma tu, akacheka. Na mimi, badala ya kuuliza, niliona aibu, nikaona kinyaa kuwa mate ya mtu yanapakwa kwenye ukuta wa mama yangu. Jioni ile ile nikachukua bisibisi.

Basi nikalamba. Kwanza chumvi, kali kuliko ya jikoni. Kisha uchungu, kisha kitu cha kuoza kilichonifunga koo. Nikatema mara tatu na bado kilikuwa pale.

"Umeonja nini?"

"Chumvi."

"Ya ardhini. Ukuta ule unakunywa maji kwa miguu, unayatoa kwa ngozi. Miaka sitini umekunywa na kutoa, hakuna aliyejua, kwa sababu chokaa ilikuwa inauacha upumue. Mimi nilikuwa nalamba nijue maji yanapanda mpaka wapi." Akaacha kukoroga. "Wewe ni mshonaji. Mvalishe mtu koti la plastiki, funga vifungo vyote mpaka shingoni, umwache miezi mitatu. Siku ya kumvua utanusa nini?"

Harufu yenyewe ilikuwa bado kwenye nguo zangu.

"Kuna boriti imelainika," nikasema. "Juu ya kitanda cha mama. Anarudi Jumamosi."

Hapo uso wake ukabadilika. "Imelainika kiasi gani?"

Nikamwonyesha kidole.

"Leo hii iwekewe nguzo. Saruji yote ibanduliwe, ukuta uachwe wazi ukauke, ndipo tuanze chokaa, nyembamba nyembamba. Ukichelewa hutakarabati tena, utazoa mawe."

"Utakuja?"

Akaenda kunawa mikono, taratibu, mpaka kwenye viwiko. Nilisimama pale kama mtoto aliyetumwa dukani akasahau alichotumwa.

"Tangu siku ile," akasema, mgongo kwangu, "nikiingia nyumba ya mtu, mwenye nyumba anakaa chumba hicho hicho mpaka nitoke. Watu niliowajengea mimi. Wengine hawanipi hata maji, wanaogopa nitaondoka na kikombe."

"Mzee, mimi…"

"Skurubu za komeo lile zilifunguliwa kwa bisibisi ndogo sana. Nilipoona alama zake nilijua. Mimi sina bisibisi ndogo."

Miezi yote hii alijua. Alijua na hakuja kupiga kelele mlangoni kwetu.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Neno la fundi na neno la mtoto wa nyumba. Mama yako angemsikiliza nani?" Akajifuta mikono. "Nitakuja. Lakini kabla sijashika mwiko, utasimama mbele ya mama yako na kaka yako, utawaambia komeo liko wapi. Utasema kwa mdomo wako."

Kuna watu wanasema ukweli unauma. Mimi nilisikia nafuu, kama mtu aliyeambiwa hatimaye anaweza kukaa chini.

"Leo saa kumi," nikasema. "Njoo mlango wa mbele. Nitalileta komeo lenyewe, na wote watakuwepo."

"Saa kumi," akasema. "Nitakuja na vyombo vyangu."

*

Saa nane nilikuwa dukani kwangu. Sikukaa hata kidogo. Nilipiga magoti mbele ya cherehani, nikavuta droo.

Kopo la mafuta lilikuwa limelala ubavu, limevuja kama kawaida yake. Kitambaa kilikuwepo, kimelowa mafuta.

Komeo halikuwepo.

Nilimwaga droo nzima sakafuni. Vifungo, sindano, chaki, bisibisi. Nikapapasa mpaka ndani kabisa, nikajichoma na pini, sikuhisi.

"Unatafuta suruali ya kaka yako?" Jirani yangu, muuza mikate wa mlango wa pili, alikuwa amechungulia. "Alikuja asubuhi ukiwa hujafika. Nikamfungulia kwa ule ufunguo ulioniachia. Alisema umemwambia suruali iko kwenye droo."

Sikuwahi kumwambia kaka suruali iko kwenye droo. Suruali ilikuwa imetundikwa pale pale ukutani, mbele ya macho ya kila mtu. Kaka yangu ni mtu wa kupekua. Tangu utotoni alikuwa hawezi kupita penye droo iliyofungwa.

Simu ikalia. Alikuwa yeye, sauti imechangamka kama ya mtu wa harusini.

"Uko wapi? Njoo nyumbani haraka. Nimemleta mama leo. Komeo limepatikana!"

"Kaka, sikiliza…"

"Njoo tu."

*

Nilimkuta ananisubiri njiani, kabla sijafika mlangoni. Akanivuta kando, mkono wake begani kwangu, anatabasamu.

"Usiogope," akasema. "Nimekufunika."

"Umenifunika nini?"

"Nililikuta kwenye droo yako. Mwanzoni nilikasirika, sikufichi. Halafu nikafikiri, huyu ni dada yangu wa tumbo moja. Na yule mzee nasikia ameanza kulalamika mtaani kuwa tumemsingizia. Kesho angeweza kwenda mbali. Basi nimelifuta vizuri, nimewaambia limeopolewa kwenye shimo lake la chokaa. Askari yuko barazani na mama."

"Askari?"

"Wewe utasema tu ulimwona akilichukua. Ulishasema nyumbani, sasa unarudia mbele ya karatasi. Dakika tano. Halafu tumemalizana naye, na Injinia anaweka vigae."

Alinitazama kama mtu anayengoja kushukuriwa.

Nilitaka kumtapikia viatu. Wallahi ningekuwa na kitu tumboni ningefanya hivyo. Alikuwa amechukua uongo wangu, akaufulia, akaupigia pasi, akanirudishia niuvae. Na kinachonichefua mpaka leo ni kwamba ulinikaa vizuri. Nilishona mwenyewe.

"Kaka, ukuta wa mama umeoza. Boriti imeoza. Yule mzee ndiye peke yake…"

"Injinia ameniambia umebomoa ukuta kwa hasira. Tutaongea baadaye. Mama anasubiri."

Mama alikuwa amekaa barazani, kwenye benchi lake la mawe, amevaa gauni la bluu nililomshonea mimi. Pembeni yake askari wa makamo na daftari gotini. Mama alisikia hatua zangu akaujua mwendo wangu.

"Ni wewe? Njoo. Ah, hapana, usije. Niache kwanza niingie kwangu."

Akasimama. Kaka akanyoosha mkono kumshika, mama akausukuma.

"Hapa siongozwi, baba. Hapa ni kwangu."

Akavuka kizingiti. Kiganja cha kulia kikaenda ukutani, mahali pake, bila kutafuta. Nilimfuata nyuma nimebana pumzi.

Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kiganja kiliteleza juu ya rangi ya mafuta. Akapunguza mwendo. Vidole vikapanda, vikashuka, vinatafuta kibonde cha kupindia jikoni. Palikuwa laini kama meza. Akapapita.

"Mbona ukuta huu hauna kitu?" akauliza.

Akaendelea, sasa mikono yote miwili ukutani, mpaka paji la uso wake likagonga mlango wa bafu jipya. Haukumuumiza sana. Alisimama tu pale, amegeukia mlango usiokuwa wake.

"Hii ni nyumba ya nani?"

"Ni yako, mama," kaka akasema. "Imetakata. Ungeiona…"

"Inanuka." Akajifuta kiganja kwenye gauni, akakinusa. "Na kuta zinatoka jasho. Nani kazifanya hivi?"

Nilifungua mdomo. Kaka akakohoa, na dakika ile ikapita. Mama akanyoosha mkono hewani.

"Nitoeni nje," akasema. "Nani anishike?"

Miaka yote niliyomjua mama yangu, hakuwahi kusema neno hilo ndani ya nyumba ile. Nilimshika mimi. Mkono wake ulikuwa umelowa maji ya ukuta, na mimi nilikuwa naujua mkono huo tangu sijaota meno, na sikuweza kuubana.

Tulipofika barazani Mzee Chokaa alikuwa amesimama mbele ya mlango.

Alikuja kabla ya saa kumi. Alikuwa amevaa shati safi. Ndoo ya chokaa mkono mmoja, mwiko wake umefungwa kwenye kitambaa mkono mwingine. Akamwona askari. Akamwona kaka. Kisha akanitazama mimi, na nikaona anavyoelewa, polepole, kitu ambacho hakikuwa kweli.

"Ndivyo ulivyoniitia?" akasema.

"Hapana, mzee! Hapana, mimi sikujua…"

"Afadhali umejileta," kaka akasema. "Afande, huyu ndiye."

Askari akasimama bila haraka, akafungua ukurasa mpya. "Weka ndoo chini, mzee. Tumeambiwa mali ya watu imekutwa kwenye shimo lako. Nani alikuona ukichukua?"

"Dada yangu," kaka akasema. Mkono wake ukarudi begani kwangu, ukabana. "Sema, dada. Usiogope."

Askari akanielekezea kalamu. "Haya, dada. Ulimwona lini?"

Mzee Chokaa aliweka ndoo chini. Hakunisihi. Aliufungua mwiko wake, akaufuta kwa kile kitambaa, akaufunga tena, kama mtu anayetaka vyombo vyake vikae vizuri huko anakokwenda kuviacha.

Nami nilisimama. Nilisimama na ladha ya ule ukuta bado mdomoni, na sentensi moja tu ya kusema, na kila nilipoivuta ilirudi ndani. Niliona nyumba, niliona boriti, niliona mama anashikwa mkono kwenda chooni maisha yake yote yaliyobaki. Na bado, jamani, kilichonizuia kilikuwa uso wangu. Wifi atasemaje. Wateja watasemaje. Nawaambieni hili ili mnitapike na ninyi.

"Kwanza nipeni komeo langu," mama akasema.

Askari akasita. "Mama, ni kielelezo."

"Ni la mume wangu. Nipe nilishike tu, nitakurudishia."

Akampa. Mama akalipokea kwa viganja viwili, akalipapasa, akagusa pale penye pembe iliyopinda, akatikisa kichwa. Ndilo. Akatabasamu kidogo.

Kisha vidole vyake vikasimama. Akavisugua kimoja kwa kingine.

"Mmesema lilikuwa wapi?"

"Kwenye shimo la chokaa, mama," kaka akasema. "Miezi yote hii."

"Mimi nimeishi na chokaa tangu usichana. Kitu kikikaa kwenye chokaa kinakausha kiganja, ngozi inakamata." Akalisugua tena. "Hili linateleza."

"Nililifuta."

"Ulilifuta."

Akaliinua mpaka puani. Alivuta pumzi ndefu, amefumba macho, kama alivyokuwa akifanya zamani nilipotoka kazini nikamwinamia kumsalimu. Cherehani ile ni yake. Alinirithisha yeye, na kopo lake la mafuta linalovuja tangu sijazaliwa.

Kalamu ya askari ilikuwa bado hewani. Kaka aliondoa mkono begani kwangu.

Mama akafumbua macho yasiyoona, akayapitisha kwa mzee, akayapitisha kwa kaka, akayaleta moja kwa moja mahali niliposimama.

"Mwanangu," akasema, kwa upole kabisa, "hebu sogea hapa ninuse mikono yako."